Nani Achore Mstari wa Mto Sio?

Mto Sio unaanzia Bungoma, unashuka taratibu kupitia kaunti ya Busia, na ukifika sehemu zake za chini unageuka kuwa mpaka: ukingo huu Kenya, ukingo ule Uganda. Unamwagika Ziwa Victoria kati ya Sio Port na Majanji. Kaskazini yake, Mto Malaba unateremka kutoka Mlima Elgon, nao unakuwa mpaka kwa kitambo, kisha unaipa Kenya mgongo, unaingia Tororo na kwenda kujiunga na Mpologoma hadi Ziwa Kyoga. Mito jirani, lakini kila mmoja na ziwa lake.

Kandokando ya mito hiyo kuna vinamasi, na kinachotajwa zaidi ni Sio-Siteko, kilicholala pande zote mbili za mpaka. Humo mna mafunjo, mna nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu zilizotanuka, na mna korongo taji, ndege wa bendera ya Uganda ambaye tangu 2012 yumo katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mna watu pia, tena wengi. Sensa ya 2019 iliikuta kaunti ya Busia na watu 893,681, yaani zaidi ya 520 katika kila kilomita ya mraba. Tororo ilikuwa imekwisha kupita nusu milioni katika sensa ya Uganda ya 2014.

Hadi mwaka 1902 swali la ukingo upi ni wa nchi gani halikuwepo. Nchi yote kutoka hapa hadi Naivasha ilihesabiwa kuwa Uganda, mpaka Waingereza walipolimega jimbo lake la mashariki na kulitia katika himaya iliyokuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanywa. Nzohe nao waligawanywa, ila hakuna aliyewahesabu.

Swali la mjadala ni hili: je, mpango wa matumizi ya ardhi unaochorwa na wenyeji wenyewe, kijiji kwa kijiji, unaweza kuwaokoa viumbe wa vinamasi hivi pale ambapo makatazo ya serikali yameshindwa? Nimewakalisha wasemaji wanne: mpangaji kijana wa upande wa Kenya, mzee mkulima wa mpunga kutoka Tororo, mama msukaji wa majamvi kutoka Siteko, na mwalimu mstaafu wa biolojia wa Busia ya Uganda. Wasemaji nimewabuni. Hoja zao sikuzibuni, zinasikika mpakani kila siku.

MPANGAJI: Nianze na sheria, kwa sababu ndiyo inayonilisha. Kwetu Kenya, Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka kila kaunti iwe na mpango wa ardhi yake yote wa miaka 10, na ile ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 ikaifafanua kazi hiyo. Uganda walitangulia: sheria yao ya mipango ya 2010 iliitangaza nchi nzima kuwa eneo la kupangwa, si miji peke yake. Kwa hiyo chombo tunacho, wao na sisi. Lakini tazama yanayotendeka bondeni. Huyu anachimba udongo wa matofali, yule anapanda mikaratusi, wa tatu anachoma mafunjo Januari ili ng'ombe wapate majani mabichi. Hakuna hata mmoja aliyevunja makubaliano, maana makubaliano hayajawahi kuwepo. Tukikaa tukasema hapa mpunga, hapa malisho, hapa mafunjo yasiguswe, korongo atapata pa kutaga. Tusipokaa, atakayekuja na trekta atatupangia.

MZEE: Mwanangu, umesema vizuri. Lakini ramani ya kwanza ya kinamasi chetu niliyoiona mimi ilikuja na askari. Waliniambia hiki ni cha serikali. Nikauliza, tangu lini? Wakanijibu, Katiba ya 1995: mito, maziwa na ardhi oevu vinashikiliwa na serikali kwa niaba ya mwananchi. Nikawaambia, basi mwananchi mwenyewe ndiye mimi. Wakang'oa mpunga.

Na kuna hili ambalo ninyi vijana hamlisemi. Vichaka mnavisifu sana. Sisi tunakumbuka malale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ugonjwa ulizuka Busoga, na katika miaka ya 1980 ukatufikia huku Tororo. Mashamba ya kahawa na pamba yaliyotelekezwa siku za Amini yalikuwa yameota vichaka, mbung'o wakapata makazi. Tulifyeka ili tubaki hai. Halafu ukaja mpunga. Wachina walisaidia kujenga skimu ya Doho, ambayo siku hizo ilikuwa bado Tororo, kabla Butaleja haijakatwa kuwa wilaya mwaka 2005. Watu walipoona maji ya bondeni yanalipa karo, kila mmoja akarudi kwenye bonde lake. Wanangu wamesoma kwa mpunga. Unaniuliza korongo atataga wapi. Haya, na karo niitoe wapi?

Niingilie kidogo: maneno ya Mzee kuhusu malale yasipuuzwe. Maandishi ya uhifadhi huanza hadithi pale ambapo pori lilikuwa zuri na mkulima akaja kuliharibu. Kusini-mashariki mwa Uganda hadithi haikuanzia hapo. Kufyeka kulikuwa kinga, na mtu aliyezika nduguze kwa malale hawezi kushawishika na picha ya ndege kwenye karatasi inayong'aa. Mpangaji anayetaka kusikilizwa Tororo inampasa ajue kwamba anazungumza na watu ambao pori limewahi kuwaua.

MAMA: Shemeji, karo hata mimi nimelipa, na sijang'oa funjo hata moja. Nimekata tu. Ninyi mkisimama juu barabarani mnakiona kinamasi ni kijani kitupu. Mimi nakiona kama nyumba yenye vyumba. Karibu na njia wanakata wanawake wa kijiji chetu. Kule ndani kwenye mafunjo marefu wanakwenda wanaume wanaotaka ya kuezekea. Kidimbwi cha kamongo kina wenyewe. Udongo wa vyungu unachimbwa mahali pamoja, hauchimbwi kila mahali. Na kiangazi kikikaza, ng'ombe wa Kenya na wa Uganda wanashuka kunywa, hakuna anayeulizwa kitambulisho. Mimi nikikata leo naliacha shamba la mafunjo nusu mwaka na zaidi, mpaka yakomae. Ukiyarudia mapema unapata majani laini, jamvi halidumu, mteja anakutukana sokoni. Kwa hiyo huyo nzohe wenu anajificha humo humo ninamokata.

Ninachoogopa kwenye ramani ya mwanangu huyu ni rangi. Atapaka kijani sehemu yote, aandike "uhifadhi", na kuanzia siku hiyo mimi ni mvamizi katika kazi aliyonifundisha mama yangu.

MPANGAJI: Mama, hayo uliyoyataja ndiyo mpango wenyewe. Kazi yangu ni kuyaandika.

MAMA: Basi yaandike kabla hujafungua kopo la rangi.

Hapa niseme upande wangu, maana mwenye kuitisha mjadala hana sababu ya kujifanya jiwe. Naona Mama ameshika kiini. Tofauti kati ya mpango unaookoa viumbe na mpango unaozalisha ugomvi iko katika mpangilio wa kazi: kwanza ziandikwe haki zilizopo, za nani hukata, nani huvua, nani hunywesha na msimu gani, ndipo mipaka ichorwe. Tanzania ina ushahidi wa pande zote mbili. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, kijiji kinaweza kujipangia, na mpango ukapitishwa na mkutano mkuu wa wanakijiji. Katika bonde la Yaeda Wahadzabe walipata hatimiliki ya kimila ya pamoja mwaka 2011, na leo misitu yao imesimama na inawaingizia fedha za hewa ukaa. Lakini katika nchi hiyo hiyo, mwaka 2022, vigingi vilikitwa Loliondo kutenga kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya wanyama, huku wafugaji wakilia kwamba ardhi ni ya vijiji vyao. Anayekwenda Busia na kalamu ya ramani aijue Yaeda, na Loliondo asiisahau.

MWALIMU: Mimi mnaniacha nyuma, kwa sababu bado mnazungumza kama kwamba mto una ukingo mmoja. Wanafunzi wangu nilikuwa nawaambia hivi: nzohe akiwindwa hujizamisha kwenye maji, akaacha pua tu. Anaweza kuzama Kenya akaibukia Uganda. Sasa sikilizeni sheria zinazomngoja huku na huku. Kanuni za Uganda za 2000 zinakataza kulima ndani ya mita 30 za ukingo wa mto wa kawaida, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye jedwali. Kenya kipimo kinaanzia mita 6 na kuishia 30, kutegemea mto wenyewe. Kwa hiyo penye mto mwembamba mkulima wa Kenya anaweza kufika na jembe karibu na maji bila kosa, na binamu yake anayemwona ng'ambo, aliyesimama umbali ule ule, ni mhalifu.

Na hati nazo. Kenya walipima ardhi baada ya uhuru, watu wengi wa Busia wana hatimiliki, na shamba la mtu linateremka mpaka linagusa mto. Uganda, vijijini Tororo na Busia, ardhi kubwa ni ya kimila, haina hati, lakini kinamasi kiko katika amana ya serikali. Kule mpangaji itabidi ambembeleze mwenye hati. Huku itabidi aibembeleze serikali iwagawie watu mamlaka. Hizi ni kazi mbili zisizofanana, na korongo ni yule yule.

MZEE: Lori sasa linakaguliwa mahali pamoja, tangu kile kituo cha pamoja kifunguliwe Busia 2018. Kinamasi ndicho bado kinapanga foleni pande mbili.

MWALIMU: Wala si kwamba hakuna aliyeliona. Ule Mpango wa Bonde la Nile, wenye makao Entebbe, umekuwa na mradi wa mito hii ya Sio, Malaba na Malakisi. Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, safari fupi tu kutoka hapa. Mipango ya pamoja ya Sio-Siteko imeandikwa, na wenyeji waliitwa kuichangia. Lakini fedha na amri za ardhi hazikai Entebbe wala Kisumu. Ziko kwenye bunge la kaunti kule Kenya na kwenye baraza la wilaya huku Uganda. Mpango wa pamoja ukiisha kuzinduliwa na watu wakala chakula, hakuna bajeti hata moja inayoutambua kwa jina.

MPANGAJI: Ndiyo maana mimi nang'ang'ania ngazi ya chini. Nitawapa mfano wa karibu. Kinamasi cha Yala, zaidi ya hekta 17,000, kiko Siaya na Busia. Mwaka 2003 ilikuja kampuni ya Marekani, Dominion, ikapewa mkataba wa miaka 25 kulima mpunga, ikachimba mifereji na kujenga tuta, ikaondoka kabla muda haujaisha. Wenyeji walichoshwa na kupangiwa. Kaunti mbili, pamoja na shirika la Nature Kenya, zikaketi na wanavijiji miaka kadhaa, wakatoa mpango wa matumizi ya ardhi ya delta nzima: wapi kilimo, wapi makazi, wapi mafunjo yaachwe. Na kuna sababu ya kuyaacha. Ziwa Kanyaboli, lililo ndani ya kinamasi hicho, bado lina ngege wa asili, samaki ambaye katika Ziwa Victoria lenyewe alikaribia kuisha baada ya sangara kutiwa. Humo mafunjoni kuna yule ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano ambaye nje ya mafunjo haonekani kabisa.

MZEE: Na baada ya kuketi miaka hiyo yote?

MPANGAJI: Baadaye Tume ya Taifa ya Ardhi ikaidhinisha zaidi ya hekta 6,000 zipangishwe kampuni nyingine ya kilimo.

MZEE: Aa. Kwa hiyo mwanakijiji alichora, Nairobi ikafuta.

MPANGAJI: Haikufuta, Mzee. Waliopinga walipinga na karatasi mkononi. Bila ule mpango wangekwenda na malalamiko tu, na malalamiko ya wanakijiji kila ofisi inayo kabati lake.

MZEE: Karatasi! Msitu wa West Bugwe, hapo kwenye barabara ya Tororo kwenda Busia, umetangazwa hifadhi na serikali, una mipaka, una mamlaka ya misitu, una hekta zake elfu tatu kwenye vitabu. Nenda ukahesabu miti. Mkaa umetoka humo miaka na miaka, unapita mbele ya macho yetu.

MWALIMU: West Bugwe inaniunga mkono mimi, haikuungi mkono wewe. Ule mstari ulichorwa na serikali peke yake, tangu enzi za mkoloni. Jirani wa msitu hakuulizwa chochote, kwa hiyo hakuna anachokilinda.

MZEE: Sawa. Basi nimekubali nusu.

Mzee amekubali nusu, nami nusu hiyo naiona ina uzito kuliko makubaliano mengi ya hotelini. Ila Yala inabaki kidonda, na sidhani Mpangaji amekijibu vya kutosha. Mpango wa kijiji usiposajiliwa kwa namna inayoifunga ngazi ya juu, unakuwa barua ya maombi iliyopambwa kwa ramani. Kenya, sheria inaipa kaunti nguvu ya kupanga, lakini ukodishaji wa ardhi ya umma una mlango mwingine. Hadi milango hiyo miwili ilazimishwe kusomana, wanakijiji watakuwa wanafanya kazi ya bure, na mara ya pili wakiitwa kikaoni watakuja kwa ajili ya nauli na soda.

MAMA: Nina neno dogo. Kila mkisema viumbe mnasema nzohe na korongo. Mrenda je? Mitoo, managu, saga? Hizo nazo zinapotea mashambani, miwa ikisonga mpaka mlangoni.

MPANGAJI: Hilo Busia wameliona, Mama. Kaunti ina sera ya bayoanuwai inayotaja mboga za asili, na kuna shule zilizoanza kuzinunua kwa wakulima kwa ajili ya chakula cha wanafunzi.

MWALIMU: Tena si mambo ya jana. Pale Kakapel, kwenye mwamba wenye michoro huko Teso Kaskazini, watafiti walitangaza mwaka 2024 kwamba wamepata kunde ya miaka 2,300. Watu wa mpaka huu wamekuwa wakichagua nini kiote wapi kabla ya mpaka wenyewe.

MAMA: Basi mboga ziingie kwenye ramani. Ukanda wa kuzunguka boma usipandwe miwa. Huo sisi wanawake tunaweza kuusimamia bila askari.

MPANGAJI: Nimeandika. Sasa naomba turudi mtoni, maana jua linakwenda. Pendekezo langu ni hili. Tuchukue kipande kimoja tu cha Sio, kilomita chache, chenye vijiji vinavyotazamana. Naibu wa chifu aje na watu wake, mwenyekiti wa kijiji wa Uganda, yule wa LC1, aje na wake. Tutembee ukingo huu na ule siku moja. Tupime mita 30 kote kote, kwa sababu sheria ya Kenya haimkatazi mtu kuacha nafasi zaidi. Tupande minyaa kuwa alama, kama mipaka ya mashamba ilivyokuwa ikiwekwa zamani. Ndani ya alama Mama anakata kwa zamu zake, na zamu ziandikwe. Ng'ombe wapewe njia mbili za kushukia maji. Mpunga ubaki nje ya minyaa.

MWALIMU: Na makubaliano yatiwe muhuri Busia zote mbili, siku hiyo hiyo, na wote wawili wayaingize kwenye mipango yao ya wadi na ya kaunti ndogo. Vinginevyo tutapata hati nyingine ya kabatini.

MAMA: Mimi sina neno, mradi zamu zipangwe na wakataji.

MZEE: Mimi ninalo. Sisi wa Malaba tukisikia mmefanya hivyo Sio, mtatujia na sisi, kwa hiyo niulize leo. Mpunga wangu uko kwenye mita 12. Ukiuhamishia mita 30, kipande kinachobaki ni kikavu, hakioti mpunga, labda mahindi au bwawa la samaki. Bwawa linachimbwa kwa pesa. Vifaranga vinanunuliwa. Mavuno ya kwanza ni baada ya miezi mingi. Huo msimu wa katikati nani anaubeba?

MPANGAJI: Kaunti yangu haiwezi kutoa fedha zake kumlipa mkulima wa Uganda, Mzee. Mkaguzi wa hesabu atanifunga.

MZEE: Na wa Kenya unaweza kumlipa?

MPANGAJI: Kwa sasa... fungu hilo halipo.

MWALIMU: Miradi ya wafadhili imewahi kutoa mabwawa na mifugo badala ya mpunga, huko Tororo kwenyewe.

MZEE: Miradi inaisha, Mwalimu. Mto hauishi. Mwanangu, mimi sikatai minyaa yako. Andika kwenye hiyo ramani, kando ya kila kipande cha mpunga kitakachohama: kiasi gani, kwa nani, kutoka mfuko upi, na kufikia mvua zipi. Ukiandika "baadaye", Machi nitapanda pale pale kwenye mita 12.